Goti Halijui Lipi Jiwe, Lipi Mpira

Asalaam aleikum Ami,

Nakuandikia kutoka Lamu, mtaa wa Langoni. Nina miaka 26, nimeoa, na mke wangu ana mimba ya miezi mitano, ya kwanza. Kazi yangu ni uhamali wa mawe. Tunapakia mawe ya kujengea kule Manda Maweni, tunavuka nayo kwa mashua, tunayashusha gatini, kisha tunayapeleka mpaka nyumba inapojengwa. Siku ambazo hakuna mawe tunashusha simiti na mchanga. Wayajua mapito yetu: gari haliingii, na mahali pengine punda wawili wenye shehena hawapishani. Kinachobaki ni bega.

Jioni nacheza mpira. Nacheza kiungo, na timu inanitegemea.

Shida yangu ni goti la kushoto. Linauma mbele, chini kidogo ya pia ya goti, pahali padogo ninapoweza kupaonyesha kwa kidole kimoja. Asubuhi nikishuka ngazi za nyumbani ni kama mtu ananipigilia msumari. Nikianza kazi linauma, nikishapiga safari tatu nne linanyamaza. Mpirani ni vivyo hivyo, dakika za mwanzo nachechemea, kisha nasahau kabisa. Lakini usiku linaanza kupwita, na asubuhi yake ni balaa. Halijavimba hata siku moja, halikwami, wala sikuanguka. Lilianza lenyewe wiki chache baada ya Idi, na sasa ni mwezi wa saba.

Kabla ya hapo nilikuwa navua na mjomba wangu. Ramadhani ilipoisha mashua yake ikapandishwa pwani kutengenezwa, nami nikaingia kwenye mawe. Wiki ile ile ligi ikaanza. Nayasema haya ujue kwamba mimi si mvivu, kazi niliianza kwa nguvu zangu zote. Jiwe moja tulilipima kwa mizani ya samaki likawa kilo 28, na mimi hubeba mawili kwa mpigo, bega la kulia. Mwenyewe nina kilo 62. Tajiri analipa kwa jiwe, kwa hivyo abebaye mawili huondoka na pesa mara mbili.

Kila mtu ana neno lake. Nyanya ananikanda kwa uto wa simsim kila usiku wa Ijumaa na huniambia ni baridi yabisi imeniwahi. Rafiki yangu asema ute wa goti umekauka, na ukishakauka haurudi. Mwingine aniambia nilale nyumbani mwezi mzima. Baba amenikataza mazoezi ya aina yoyote kwa sababu, asema, kazi yangu yenyewe ni mazoezi tosha. Na kapteni wetu hunipeleka duka la dawa kabla ya mechi nidungwe diklofenaki. Nimedungwa mara sita. Sindano ya kwanza ilinipa siku nne za raha. Ya mwisho haikufika hata mapumziko.

Ami, niache mpira au niache mawe? Nikiacha mawe, mke wangu na mtoto watakula nini? Nikiacha mpira, sijui nieleze vipi, lakini zile saa mbili za jioni ndizo ninazojiona mtu. Na je, ni kweli kazi ni mazoezi?

Hamali wa Langoni

---

Waaleikum salaam, mwanangu. Mola amjalie mkeo ajifungue salama.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama mtu yeyote, nikihurumia goti. Mara ya pili nikachukua kalamu nikapigia mstari ile sehemu ya mashua ya mjomba kupandishwa pwani. Wewe uliiandika kunithibitishia kwamba si mvivu, na kumbe ndiyo iliyobeba chanzo cha ugonjwa wako. Mwezi mzima ulikuwa umefunga na mpira umeuweka kando. Halafu katika wiki moja ukauanza uhamali ambao mwili wako haukuujua, mawe mawili tangu siku za mwanzo, na jioni yake ligi. Wewe unaona mambo mawili, riziki na mchezo, na ndiyo maana waniuliza uache lipi. Goti halina daftari mbili. Haliandiki jiwe upande huu na mpira upande ule. Linajumlisha tu, na wiki ile jumla ilipanda ghafla kuliko lilivyoweza kulipa. Tangu hapo hujalipumzisha lifute deni.

Tuhesabu kidogo. Mtu akishuka ngazi, nguvu inayopita kwenye goti hufika karibu mara tatu ya uzito anaoushusha. Wewe na mawe yako mawili ni kilo 118. Mara tatu ni zaidi ya kilo 350, kwa hatua moja. Zidisha kwa idadi ya hatua za siku, kisha ongeza kukimbia, kuruka na kugeuka ghafla uwanjani. Na nakisia jambo jingine ambalo wewe mwenyewe utalihakiki kesho: kwa kuwa mzigo uko bega la kulia, unaposhuka kwenye ubao wa mashua unatanguliza mguu wa kulia. Mguu unaobaki juu ndio unaojikunja polepole kuuteremsha mwili, ndio breki. Huo ni wa kushoto. Jioni, ikiwa unapiga mpira kwa kulia, mguu wa kusimamia ni huo huo wa kushoto. Maskini hana saa ya kupumua.

Pahali unapopaonyesha kwa kidole ni kano ya pia, ule ukano mnene unaoishika pia ya goti na kuifunga kwenye kinundu cha mbele cha muundi. Misuli ya paja huvuta pia, pia huvuta kano, kano huvuta mfupa, na hapo ndipo mtu husimama, hupanda na huruka. Kuuma mwanzoni, kunyamaza ukishapata joto, kisha kurudi usiku na asubuhi kwa hasira, huo ni mwenendo wa kano iliyoelemewa. Madaktari wa michezo huuona sana kwa wachezaji wa voliboli na mpira wa kikapu, kwa sababu ya kuruka kwao. Sijakugusa kwa mkono, kwa hivyo nataka mtaalamu wa fiziotherapia akuone kwenye hospitali ya kaunti. Lakini ulivyoeleza, sioni dalili ya baridi yabisi. Baridi yabisi ya kweli huvimbisha viungo, mara nyingi zaidi ya kimoja, na asubuhi mtu huamka amekakamaa kwa muda mrefu.

Dalili za kukukimbiza hospitali siku hiyo hiyo ni hizi: goti livimbe ghafla baada ya kujipinda, likwame lisikunjuke, au lishindwe kukubeba. Goti jekundu, lenye moto, na mwili una homa, hilo usilisubirishe hata usiku mmoja.

Sasa kwa nini misuli yako imekuwa kama ya mpiga makasia huku kano inalia? Kwa sababu haviendi mwendo mmoja. Msuli una damu tele. Mtu akianza kazi nzito, misuli itamuuma siku ya pili na ya tatu, kisha itazoea, na baada ya wiki chache anajiona ana nguvu mpya. Kano ina mishipa michache ya damu na hujijenga pole pole, kwa miezi. Ukishaitumikisha kwa nguvu, siku ile na usiku wake nyuzi zinazovunjwa ndani yake huwa nyingi kuliko zinazosokotwa. Baada ya hapo ndipo usokotaji hushinda, na huendelea mpaka siku ya tatu hivi. Mtu anayeirudia kazi ile ile nzito kila asubuhi huikuta kano bado iko kwenye kuvunja. Ulipojiona una nguvu za kubeba mawili, aliyekuambia hivyo ni msuli. Kano hakuna aliyeiuliza.

Hapa ndipo ninapotaka kumjibu babako, kwa heshima zote, kwa sababu kauli yake nimeisikia katika kila nyumba ya hamali, mvuvi na mkata boriti niliyowahi kuingia. Kazi si mazoezi. Vyote viwili vinatoa jasho, na watu huishia hapo. Zoezi mtu hulipima: leo kidogo, kesho apumzike, keshokutwa aongeze, upande wa kulia na wa kushoto, na akichoka huacha. Kazi haikupimi, wewe ndiwe unayepimwa nayo. Mashua imefika, mawe yako 200, yatashuka yote leo, kwa bega lile lile, na ukichoka hapo ndipo safari ngumu zaidi zinapokungoja. Uchovu ukiingia misuli ya paja hulegea, na mshtuko wote uliokuwa ukimezwa na misuli huangukia kano na maungio. Watafiti wa Denmark wamelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi, na wameona kwamba faida ambayo moyo huipata kwa mazoezi ya starehe haipatikani vivyo hivyo kwa kazi nzito ya kutwa. Marehemu babangu alibeba boriti tangu kabla hajabaleghe. Alikuwa na mabega ambayo vijana wa leo wanayatafuta kwa vyuma, na alipofika miaka 55 alikuwa hawezi kuinuka kwenye msala bila kushika ukuta. Tulimwambia ni uzee. Mimi niliposomea mambo haya ya mwili, nikaelewa, alikuwa keshakufa, na bado linaniuma.

Kwa hivyo jibu la swali lako la mwisho ni hapana. Na ndiyo sababu dawa yako, ingawa utaona ajabu, ni mazoezi.

Kulala mwezi mzima usijaribu. Kano isiyotumika hudhoofika, na siku utakayorudi gatini jiwe litakuwa lile lile huku kano ikiwa dhaifu zaidi. Watu wengi huzunguka hivyo miaka: wanapumzika, hawaumwi, wanarudi kwa kishindo, wanaumia upya. Kano inataka mzigo, lakini mzigo wa polepole, wa kupimwa, wenye siku za kupumzika katikati.

Anza hivi. Egemea ukuta, shuka kama mtu aliyekaa kitini lakini usifike chini kabisa, halafu kaa pale pale bila kutikisika kwa sekunde 45. Pumzika dakika mbili. Rudia mpaka zitimie mara tano. Siku za mwanzo tumia miguu yote miwili, kisha kila siku hamishia uzito zaidi mguu wa kushoto. Fanya kila siku, na asubuhi kabla ya kwenda Maweni ni wakati mzuri, kwa sababu wengi hupata nafuu ya maumivu papo hapo.

Baada ya wiki mbili tatu, ongeza kuchuchumaa kwa mzigo. Tia mchanga kwenye mfuko, uufunge vizuri mgongoni. Shuka kwa sekunde tatu, panda kwa sekunde tatu, bila haraka na bila kudunda. Tafuta uzito unaoweza kuurudia mara 15 na ya 15 iwe ngumu. Fanya mizunguko minne, siku tatu kwa wiki, kamwe si siku mbili mfululizo, na chagua siku ambazo mawe ni machache. Kadiri wiki zinavyokwenda ongeza mchanga na upunguze marudio, mpaka ufike uzito wa marudio sita. Hesabu wiki 12. Najua wiki 12 ni nyingi kwa mtu aliyezoea sindano ya dakika moja, lakini kano haina njia ya mkato, na umeshaipa miezi saba ya njia nyingine. Ongeza na kusimama kwa vidole vya mguu mmoja juu ya kidato, kupanda na kushuka, kwa sababu misuli ya shavu la mguu ikiwa na nguvu hulipunguzia goti kazi.

Utajuaje kama umezidisha? Maumivu yape namba, sufuri ni hakuna, kumi ni yasiyovumilika. Wakati wa zoezi, mpaka tatu au nne yanakubalika, usiogope, kano haichaniki kwa hilo. Hakimu ni asubuhi inayofuata. Shuka ngazi za nyumbani uone. Namba ikiwa sawa na ya jana au chini yake, ulichofanya jana kilikuwa halali yako. Ikiwa imepanda, jana ulizidisha, na haijalishi kama ni jiwe, mpira au mfuko wa mchanga. Andika kwenye daftari. Baada ya wiki mbili daftari hilo litakujua kuliko mimi.

Kazini sikwambii uache. Nataka ubebe jiwe moja badala ya mawili kwa wiki sita za kwanza, na najua hapo nimegusa pesa. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, kikomo chake cha kunyanyua ni kilo 23, na hicho ni kwa mzigo ulio karibu na mwili, mahali pazuri, bila kujipinda. Jiwe lako moja limekwisha kukipita. Mfuko wa simiti ni kilo 50. Sheria yetu ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 nayo inakataza mtu kubebeshwa mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumdhuru. Sijui tajiri wako ni mtu wa namna gani. Lakini nimewaona matajiri wakisikiliza wakielezwa kwa hesabu: hamali wa jiwe moja anayekuja kila siku humalizia nyumba kabla ya hamali wa mawili anayelala nusu ya wiki. Mwendeeni mkiwa wengi. Mkiweza, muombe punda wapewe safari ndefu za mtaani, nanyi mbaki na kupakia na kushusha.

Badilisha bega kila safari. Ukishuka na mzigo, tanguliza mguu wa kushoto safari moja, wa kulia safari nyingine. Tia ngata nzuri begani, si kitambaa kilichokwisha. Asubuhi, saa ya kwanza baada ya kuamka, usiiname kwa nguvu kunyanyua kitu cha chini, kwa sababu usiku diski laini zilizo kati ya pingili za mgongo hujaa maji na asubuhi ndipo zinapoumia kwa urahisi. Tembea kwanza, mwili uchangamke. Na zungumza na nahodha kuhusu maji. Hapa kwetu bamvua likiwa kubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita mbili. Mashua ikishusha maji yakiwa yamejaa, iko karibu sawa na gati, na mtu hupiga hatua tatu tu. Ikishusha maji yamekupwa, ni vidato vyote vile vyenye utelezi, kila jiwe. Nahodha huyapanga maji kwa ajili ya mashua yake. Anaweza kuyapanga kidogo na kwa ajili ya magoti yenu.

Niseme na hili, kwa kuwa limo moyoni mwangu. Mji wetu uliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, na ninaona fahari. Nyumba hizi za mawe zinazosifiwa, kila jiwe lake lilipita begani mwa mtu. Punda wa Lamu wana kliniki yao ya Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, tangu 1987, wanatibiwa vidonda vya mgongo na wenye punda hufundishwa wasiwazidishie shehena. Ni jambo jema sana na lidumu. Hamali naye anahitaji mtu wa kumtazama mgongo kabla haujavunjika, na ningependa kuona mtaalamu wa viungo akikaa pale gatini walau asubuhi moja kwa wiki.

Kuhusu sindano, naomba uache leo. Diklofenaki haijengi kano. Inazima king'ora tu, kisha wewe unakimbia dakika 90 juu ya goti ambalo haliwezi kukwambia simama. Ndiyo sababu kila sindano ilikupa siku chache kuliko iliyotangulia: kila mara uliliamsha goti likiwa baya zaidi. Tena dawa za jamii hiyo huchoma tumbo mpaka vidonda, na huziumiza figo, hasa za mtu aliyekaukiwa maji, nawe unafanya kazi juani ukitoka jasho kutwa. Akitokea mtu wa kukupa sindano ya steroidi ndani ya kano yenyewe, kataa kabisa. Hutuliza kwa wiki kadhaa na inaweza kuidhoofisha kano mpaka ikakatika.

Kano kukatika si jambo la kila siku, na sikutishi. Lakini mwambie kapteni wako habari ya Ronaldo, yule Mbrazili, maana nadhani anamjua. Novemba 1999, akichezea Inter, kano hiyo hiyo ya pia ilichanika, akapasuliwa. Aprili 2000 akarudi uwanjani kucheza na Lazio, na dakika chache baada ya kuingia kano ikakatika kabisa mbele ya dunia nzima. Alikuwa na madaktari ambao mimi na wewe hatuwezi kuwalipa. Alikosa nini? Safari ya pili walimpa muda, mwaka na zaidi, na Juni 2002 akafunga mabao mawili kwenye fainali ya Kombe la Dunia. Kapteni akikuhitaji msimu ujao, akuache msimu huu.

Mpira usiuache. Najua hizo saa mbili ni nini kwa kijana aliyebebeshwa kutwa kama shehena. Nenda uwanjani jioni, lakini kwa wiki sita usicheze mechi. Kimbia mstari ulionyooka, piga pasi, fundisha wadogo. Namba yako ya asubuhi ikitulia, ongeza kuruka kidogo, kisha kugeuka, kisha nusu ya mechi. Siku ya mechi isiwe siku ya mashua mbili. Na timu nzima ianze kupasha mwili moto kwa mpango wa FIFA 11+, uliotengenezwa mwaka 2006. Huchukua dakika 20, hauhitaji kifaa ila mpira, na timu zinazoufanya angalau mara mbili kwa wiki zimepunguza majeraha kwa karibu theluthi moja, nyingine zaidi. Nimewaona vijana wetu wakiingia uwanjani moja kwa moja kutoka barazani, wakapiga mashuti mawili, wakaita hiyo ndiyo kupasha moto. Inanisikitisha kila nikiona.

Rafiki yako mwambie ute wa goti haukauki. Goti lina ute kidogo tu, na hutengenezwa na ngozi nyembamba ya ndani ya kiungo muda wote wa uhai. Gegedu inayofunika ncha za mifupa haina mishipa ya damu, hula kwa kubanwa na kuachiliwa, kama sifongo ndani ya ute huo. Kutembea ndiko kunakoilisha. Nyanya naye aendelee kukukanda, mkono wake una baraka na joto lake linalegeza. Mwombe tu akande paja, aipitie kano kwa ulaini, asiisugue kwa kidole gumba.

Maji kunywa kabla hujasikia kiu. Samaki unao, kunde zipo, kula ushibe. Na kama kwenye baraza lenu usiku kuna muguka, yale majani ya kutafuna, jitahidi kuupita. Unakuondolea usingizi, na mwili hujitengeneza mtu akiwa amelala.

Mkeo ana miezi mitano, kwa hivyo wiki 12 zako zitaisha karibu na kujifungua kwake. Anza kesho na ukuta, sekunde 45 mara tano, kisha shuka ngazi na uandike namba ya kwanza. Zikitimia wiki sita, niandikie namba zote kama zilivyo, hata zile mbaya, tuone pamoja kama umefika wakati wa jiwe la pili.

Ami yako